Ngariba Yupo, Kungwi Hayupo

Mwezi Novemba 2014 Ikulu ya Tanzania iliwatangazia wananchi kwamba Rais Jakaya Kikwete amefanyiwa upasuaji wa tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani. Tangazo lilikuwa fupi, lakini lilifanya kazi kubwa. Tezi dume ilitajwa redioni watoto wakisikia, ikajadiliwa kwenye vijiwe vya kahawa na ndani ya daladala. Wanaume waliokuwa wakiamka usiku mara nne kwenda kukojoa, wakidhani ni uzee tu, walitambua kwamba hali yao ina jina na ina tiba. Maradhi ya sirini yakapata ruhusa ya kuzungumzwa hadharani.

Ruhusa hiyo, kwa bahati mbaya, iliishia mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Tunatajiana dalili, tunahimizana kupima, tunachangishana gharama za hospitali. Yanayofuata baada ya mgonjwa kurudi nyumbani, kitandani kwake, pembeni mwa mkewe, hakuna anayeyataja. Daktari husema operesheni imekwenda salama, ndugu humshukuru Mungu, na mzee huachwa na mwili ambao hajawahi kuishi nao. Naandika kuhusu mwili huo, na nitaandika kwa uwazi, kwa sababu naamini wanaume wengi wa kwetu wanaumizwa na ukimya huu kuliko walivyoumizwa na kisu.

Kwanza tutenganishe mambo, maana ukimya umeyachanganya. Tunaposema “upasuaji wa tezi dume” tunajumuisha pamoja operesheni tatu ambazo matokeo yake kwa maisha ya ndoa hayafanani hata kidogo.

Ya kwanza ni ya tezi iliyokua bila saratani. Tezi hii hukaa chini ya kibofu na kuuzunguka mrija wa mkojo, na ikikua, huubana. Hali hii ni ya kawaida sana: karibu nusu ya wanaume waliofika miaka 60 wana ukuaji huo katika tezi zao, ingawa si wote wanaosumbuliwa nao. Dawa zikishindwa, daktari hupitisha kifaa ndani ya mrija na kuikwangua tezi, au hufungua chini ya kitovu akatoa sehemu ya ndani iliyovimba na kuliacha ganda lake. Mishipa ya fahamu inayosimamisha uume inapita nje ya ganda hilo, kwa hiyo wengi hubaki na nguvu zilezile walizoingia nazo hospitalini. Kinachobadilika kwa wengi ni manii. Shingo ya kibofu haijifungi tena wakati wa kilele, hivyo manii hurudi kibofuni na kutoka baadaye pamoja na mkojo. Hayamdhuru mtu. Lakini mwanamume ambaye hakuambiwa, siku ya kwanza anapofika kileleni na kukuta pakavu, huamini kwamba amekwisha. Mke naye anaweza kuamini kwamba yamemwagwa kwingine. Nyumba inaingiwa na shaka kwa jambo ambalo sentensi mbili za daktari zingelimaliza.

Ya pili ni ya saratani ambayo bado imo ndani ya tezi. Hapa huondolewa tezi nzima pamoja na vifuko vinavyotengeneza sehemu kubwa ya manii. Baada yake hakuna manii tena, na mtu hawezi kuzaa kwa njia ya kawaida. Anayetaka mtoto anapaswa kuhifadhi mbegu kabla. Mishipa ya kusimamisha, ambayo hupita imeigusa tezi pande zote mbili, huweza kujeruhiwa au kukatwa. Misuli ya kuzuia mkojo nayo hudhoofika kwa muda.

Ya tatu ni ya saratani iliyokwisha kutoka nje ya tezi, mara nyingi ikiwa imefika mifupani. Hapa tezi yenyewe huachwa, yakaondolewa makende, ili kuikata saratani kwenye homoni inayoilisha.

Haya matatu yakisimuliwa mtaani huwa hadithi moja: “alipasuliwa tezi, akawa si mwanamume tena.” Matokeo yake ni kwamba mtu mwenye uvimbe usio na saratani, ambaye angepona na kuendelea na maisha yake, anaikimbia operesheni. Anakubali kuishi na mpira wa mkojo na mfuko ndani ya suruali, akibadilishiwa mpira huo kliniki, akiugua maambukizi leo na kesho, huku figo zikiwa hatarini. Tendo la ndoa ambalo alitaka kulilinda amelipoteza kwa mpira uleule. Huyu hajadhurika kwa upasuaji. Amedhurika kwa kukosa mtu wa kumweleza upasuaji wake ni upi.

Hospitali ile ya Baltimore ina sehemu yake katika historia hii, na historia yenyewe ina funzo kwetu. Mwaka 1904 Hugh Hampton Young alifanya hapo upasuaji wa kuondoa tezi nzima kwa ajili ya saratani. Tangu hapo, kwa zaidi ya miongo saba, karibu kila mwanamume aliyepasuliwa hivyo alipoteza uwezo wa kusimamisha. Wapasuaji waliamini mishipa inayohusika hupita ndani ya tezi, kwa hiyo haikwepeki. Ilihesabiwa kuwa ndiyo bei ya uhai, na bei ikishakubaliwa hakuna anayehangaika kuipunguza.

Patrick Walsh, mpasuaji wa hospitali hiyohiyo, alishtushwa na maneno ya mgonjwa wake mmoja, ambaye alimweleza kwamba baada ya upasuaji nguvu zake zimerudi. Kama mishipa ingekuwa ndani ya tezi iliyotolewa, jambo hilo lisingewezekana. Mwaka 1981 Walsh alikwenda Leiden, Uholanzi, akakutana na profesa mstaafu Pieter Donker. Mzee yule alikuwa akichambua mishipa ya fahamu katika maiti za watoto waliozaliwa wakiwa wamekufa, kwa sababu kwa mtoto mchanga huonekana wazi kuliko kwa mtu mzima. Waliifuata pamoja hadi wakaona inakopita: kando ya tezi, nje ya ganda lake. Tarehe 26 Aprili 1982 Walsh alimpasua mwanamume wa miaka 52 huku akiikwepa mishipa ile kwa makusudi, na nguvu za mtu yule zikarejea.

Kutoka 1904 hadi 1982 ni miaka 78, na miaka yote hiyo mishipa ilikuwa palepale. Maarifa yalianza kusogea pale mgonjwa aliposema habari za kitandani kwake, na daktari akaona neno hilo linastahili kuchunguzwa. Siku hizi operesheni ya kuihifadhi mishipa inafundishwa dunia nzima. Imetokana na mtu aliyefungua kinywa.

Hata hivyo sitaki kumpa mtu matumaini ya uongo. Nchini Uingereza ulifanyika utafiti mkubwa uitwao ProtecT, uliowagawa wanaume 1,643 wenye saratani iliyokuwa bado ndani ya tezi katika makundi matatu: wa kupasuliwa, wa mionzi, na wa kufuatiliwa kwa karibu bila kutibiwa mara moja. Kabla ya yote, asilimia 67 walisema wanaweza kusimamisha kiasi cha kutosha kwa tendo la ndoa. Miezi sita baadaye, walioweza miongoni mwa waliopasuliwa walikuwa asilimia 12. Wa mionzi asilimia 22. Waliofuatiliwa asilimia 52. Miaka sita ilipotimia, waliopasuliwa walikuwa wamefika asilimia 17. Upande wa mkojo, asilimia 46 ya waliopasuliwa walikuwa wakivaa pedi miezi sita baada ya operesheni, na asilimia 17 baada ya miaka sita. Na ilipopita miaka 15, katika kila wanaume 100 wa makundi yote, takriban 97 hawakuwa wamekufa kwa saratani hiyo.

Takwimu hizi hazimwambii mtu asipasuliwe. Zipo saratani kali zinazodai kisu au mionzi bila kuchelewa, na huko kusubiri ni kujiangamiza. Tena ni wastani wa watu wengi: mwenye umri mdogo, aliyekuwa na nguvu nzuri kabla, ambaye mishipa yake ya pande zote mbili imehifadhiwa, ana nafasi kubwa zaidi ya nguvu zake kurudi, na mwenye sukari, presha au sigara ya miaka mingi ana nafasi ndogo. Mishipa iliyovutwa na kuchubuliwa hupona polepole, na huweza kuchukua miaka miwili au zaidi. Ninachokisoma katika takwimu hizi ni haki. Mwanamume ana haki ya kuzisikia akiwa bado hajatia sahihi fomu ya ridhaa, ili achague akijua anachokichagua.

Katika hospitali zetu uchaguzi huo mara nyingi umeshapunguzwa na wakati. Saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanaume nchini Tanzania na Kenya, na wengi hufika saratani ikiwa imeshaenea. Mtu anaingia Muhimbili, Bugando, KCMC au Kenyatta akilalamika mgongo, kumbe maumivu ni ya saratani iliyoota kwenye uti. Hapo ndipo huelezwa habari ya kuondoa makende.

Tiba hii ina asili yake. Mwaka 1941 Charles Huggins na Clarence Hodges, wa Chicago, walionyesha kwamba saratani ya tezi dume hustawishwa na homoni ya kiume, na ikinyimwa homoni hiyo husinyaa. Huggins alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Zipo sindano zinazofanya kazi hiyohiyo, lakini zinachomwa kila baada ya mwezi mmoja au mitatu, kwa muda mrefu, na bei yake huwashinda wengi. Operesheni hufanyika mara moja ikaisha. Ndani ya siku moja homoni hushuka, na mtu aliyekuwa halali kwa maumivu ya mifupa anaweza kuanza kulala. Sioni aibu yoyote kumsifu daktari anayeifanya. Inaokoa watu na mateso makubwa.

Ila tuseme pia inachokichukua. Operesheni zile mbili za mwanzo humwachia mwanamume hamu yake, hata mwili ukishindwa kuitikia. Hii huichukua hamu yenyewe. Joto humpanda ghafla usoni na kifuani, jasho likamtoka katikati ya mazungumzo. Misuli hupungua, mifupa hudhoofika, tumbo huongezeka, uchovu hukaa, na huzuni huingia bila sababu anayoweza kuitaja. Mfugaji anaijua hali hii kwa mifugo yake, na kwa sababu hiyo mwanamume anayeambiwa habari ya makende huona ametolewa kwenye hesabu ya wanaume. Wapo wanaotoroka wodini usiku. Wapo wanaokubali kwa sababu mtoto mkubwa amelia, halafu hawamwambii mke ni kitu gani hasa kilichofanyika. Mpasuaji anaweza kutoa nyama ya ndani na kuuacha mfuko na maganda yake, ili mtu asikute patupu anapojigusa bafuni. Ni hisani ndogo katika kazi ya kisu, lakini ni kubwa katika maisha ya mtu, nayo hufanywa pale tu mgonjwa na daktari walipozungumza.

Hapa ndipo ninapoyakumbuka mafunzo ya jando. Katika jamii nyingi za pwani na bara, kijana hakutahiriwa akaachwa ajiuguze. Palikuwa na ngariba, aliyekata, na kazi yake ilikwisha kwa dakika chache. Kisha palikuwa na kungwi, aliyebaki kumbini. Kungwi ndiye aliyeosha kidonda, aliyemwambia kijana maumivu haya ni ya kawaida na haya si ya kawaida, aliyemfundisha mwili wake mpya ni wa nini na ataishi nao vipi na mwanamke. Kungwi mwenyewe alikuwa amekatwa zamani. Aliyoyasema aliyajua kwa mwili wake.

Mwanamume wa miaka 65 anapokatwa mara ya pili, hana kungwi. Hospitali imempa ngariba hodari, aliyesomea kazi yake miaka mingi, mwenye vifaa na ganzi na damu ya akiba. Wazee wetu walijua kwamba kukata ni sehemu fupi ya kazi, na kwamba sehemu ndefu ni kumrudisha aliyekatwa katika maisha. Sisi tumechukua sehemu fupi tukaiacha ndefu. Huu ndio upungufu ninaoulalamikia, na naamini hauhitaji fedha nyingi kuuziba.

Tazama kinachotokea nyumbani pasipo kungwi. Mume amerudi. Kwanza anasema kidonda hakijapona, na ni kweli. Miezi inapita, anaanza kuchelewa sebuleni hadi mke asinzie. Baadaye anahamia chumba cha watoto, akisema joto limezidi. Hamgusi mkewe hata begani, kwa kuwa anaogopa mguso utamdai kile asichonacho. Mke anayahesabu haya yote kwa hesabu yake: amenichoka, amepata nyumba ndogo, ananiona mzee. Kumuuliza anaona haya, maana alifundishwa kwamba mwanamke mwenye heshima hadai unyumba. Wenye wake wawili wana mzigo mwingine: kila nyumba inaamini zamu inatimizwa kule kwingine, na mwanamume anatembea baina ya lawama mbili bila kuwa na kosa.

Mkojo unaovuja nao una maumivu yake. Mtu anakunywa maji kidogo ili asilowe, anavaa suruali nyeusi, anaacha safari za mbali. Kanisani anakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Msikitini haendi tena, kwa kuwa anaona udhu wake haukai na nguo yake si safi. Kumbe sheria ya dini yake imeshampa njia tangu zamani: mwenye kutokwa na mkojo asiouweza huvaa kitu cha kuzuia, hutawadha baada ya wakati wa sala kuingia, akasali, na sala yake ni sahihi. Imamu angemwambia hivyo, lakini imamu hajui, kwa sababu mzee hajamwambia mtu. Tendo la ndoa ni sehemu moja tu ya kinachopotea. Ukimya humtenga mtu na kitanda, kisha na baraza, kisha na ibada.

Mtu akiwa peke yake na aibu yake, soko humfuata. Jioni barabarani kuna supu ya pweza, kuna mkuyati, kuna vumbi la Kongo katika vifuko vidogo, kuna vidonge visivyo na jina vinavyouzwa kwa kunong’ona. Supu ya pweza ni chakula kizuri na simkatazi mtu. Lakini mshipa wa fahamu uliokatwa hauungwi kwa supu, wala homoni iliyoondolewa hairudi kwa mzizi. Unga na vidonge visivyojulikana huweza kuwa vimechanganywa na dawa za hospitali kwa kipimo ambacho hata muuzaji hakijui, na kwa mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, mchanganyiko huo huangusha presha kiasi cha kuua.

Tiba halisi zipo, na mtu anastahili kuzisikia kwa majina yake. Kuna mazoezi ya misuli ya nyonga, yanayofanywa kwa kuikaza misuli ileile inayozuia mkojo na hewa, ukahesabu kidogo, ukaachia, ukarudia, mara kadhaa kwa siku. Hayana gharama. Yanafaa kuanza kabla ya operesheni na kuendelea baada ya mpira kutolewa, na husaidia kurudisha uwezo wa kuzuia mkojo. Kuna vidonge vya sildenafil na ndugu zake, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, mwaka uleule ambao Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipata Tuzo ya Nobel kwa kugundua kazi ya naitriki oksidi katika mishipa ya damu. Vidonge hivi huitegemea kemikali hiyo, na mwili huitoa kupitia mishipa ya fahamu; ndiyo maana humsaidia aliyehifadhiwa mishipa yake, na aliyekatwa yote miwili huweza kumeza asione kitu. Huyo ajue kwamba hajafika mwisho wa njia. Ipo pampu inayovuta damu uumeni, pete ikaizuia. Zipo sindano zinazochomwa uumeni moja kwa moja na kufanya kazi bila kuhitaji mishipa hiyo. Ipo mirija ya kupandikizwa inayojazwa maji kwa pampu ndogo, iliyoanzishwa na F. Brantley Scott wa Houston mwaka 1973. Hiyo ya mwisho ni ghali na wachache wa kwetu wataifikia, lakini pampu, sindano na vidonge si vitu vya mbinguni.

Habari za sindano zilienea kwa namna ya pekee. Mwaka 1983, mbele ya mkutano wa wapasuaji wa njia ya mkojo mjini Las Vegas, Giles Brindley, mwanafiziolojia wa Uingereza, alishusha suruali yake kuwaonyesha wenzake kwamba dawa aliyojichoma mwenyewe imefanya kazi. Wengi walishtuka. Mimi namhesabu miongoni mwa mashujaa wa tiba hii. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mtu yule, msomi wa heshima zake, alikubali kudhalilika mbele ya kadamnasi ili wanaume asiowajua wapate faraja vyumbani mwao.

Liko pia jambo ambalo wanaume wengi hawajawahi kuambiwa na yeyote. Kilele cha mwanamume hakitegemei uume kusimama, wala hakitegemei manii kutoka. Hisia hiyo ina njia yake nyingine ya mishipa, ambayo kwa kawaida upasuaji wa tezi hauigusi. Mwanamume ambaye uume wake hausimami sawasawa, na ambaye hana tone la manii, bado anaweza kufika, na bado anaweza kumfikisha mkewe kwa mkono, kwa kinywa, kwa subira. Hata yule ambaye hamu imeondoka kwa kukosa homoni bado ana ngozi inayopenda kukandwa, ana kifua cha kulaliwa, ana mke ambaye mara nyingi alichokikosa zaidi ni kushikwa. Simwambii mtu kwamba hajapoteza kitu. Amepoteza, na ana haki ya kulia msiba wake. Kumwambia “shukuru umepona” kabla hajalia ni kumfunga mdomo kwa jina la Mungu. Akishalia, aonyeshwe vilivyobaki, kwa maana ni vingi kuliko anavyodhani.

Na ataishi navyo muda mrefu. Askofu Mkuu Desmond Tutu aligunduliwa na saratani ya tezi dume mwaka 1997. Alifariki Desemba 2021, akiwa na miaka 90. Baina ya tarehe hizo mbili ni zaidi ya miaka 20 ya kazi, ya safari, ya kucheka na mkewe Leah. Saratani iliyowahiwa humwachia mtu miaka ya namna hiyo. Tukishampatia miaka hiyo, hatuwezi kumwambia aiishi akiwa amegeukia ukutani.

Kwa hiyo nina maombi. Kwa daktari: weka viti viwili, cha mgonjwa na cha mkewe kama mgonjwa ameridhia, na ulianzishe wewe suala la unyumba. Mzee wa miaka 70 hatalianzisha mbele ya kijana wa umri wa mjukuu wake. Muulize nguvu zake zikoje leo, mwambie operesheni hii huchukua nini na huacha nini, na uliza tena kila anaporudi kliniki. Kwa wakuu wa hospitali: mnao wanaume waliopasuliwa miaka iliyopita na wakatengemaa. Waombeni wakae na wanaosubiri, saa moja kwa wiki, kwenye benchi la kliniki. Hao ndio makungwi wetu, na wapo tayari, hawajaitwa tu. Kwa masheikhe, mapadri na wachungaji: yasemeni mambo ya mkojo, udhu na ndoa kwa wagonjwa kabla hawajauliza. Kwa mke: kuhama kwake chumba huenda ni woga, kabla hujauita usaliti. Mshike mkono bila kudai kitu, umwambie kwamba unajua.

Na kwako mwanamume uliyepangiwa siku ya kupasuliwa, kabla ya kutia sahihi uliza haya: Tezi yangu ina saratani au haina? Mnaondoa sehemu, mnaondoa yote, au mnaondoa makende? Je, ipo njia ya kufuatilia au ya mionzi kwa hali yangu? Mishipa ya kusimamisha itahifadhiwa? Mkojo utavuja kwa muda gani, na nifanye mazoezi gani kuanzia leo? Nguvu zisiporudi, mtanipa tiba gani, na nirudi kwa nani? Majibu ya maswali hayo ni sehemu ya matibabu yako, kama ilivyo ganzi na kama ulivyo uzi wa kushonea. Usikubali kupasuliwa bila kuyapata.